Mchambuzi wa Ukimya

Alikozaliwa sikujui na sijawahi kuuliza. Mtu anayekueleza kila siku kwamba mwimbaji fulani alirithi hiki kutoka kwa fulani hukuondolea hamu ya kujua yeye mwenyewe alirithi nini. Sisi wa Burumba, hapa mjini Busia, tulimwita Mchambuzi. Jina hilo alijipa mwenyewe, kwa rangi nyekundu, kwenye ubao ulio juu ya mlango wa kibanda chake. Juu iliandikwa kazi yake, kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko za kazi, neno hilo moja. Kibanda changu cha kushona kimeshikana na chake. Kati yetu kuna bati moja, na bati halizuii maneno. Kwa miaka sita nimemsikia mtu huyu kuliko ninavyomsikia mume wangu. Naandika haya kwa sababu kuna jambo moja nataka alikiri mbele yangu, hajalikiri, na hasira ya jambo hilo imenikaa kifuani.

Nianze na namna alivyosikiliza, maana hiyo ndiyo iliyompa heshima. Alikuwa anafumba macho, anainua mkono wa kulia kama askari wa barabarani anayesimamisha lori, na hapo hata ukiwa umekuja kumwambia nyumba yake inaungua, utangoja wimbo uishe. Chai yake ilipoa hivyo kila asubuhi. Wateja walisimama mlangoni na simu zao mikononi, wakamtazama, wakaanza na wao kufumba macho, maana hakuna anayetaka kuonekana mshamba. Wimbo ukiisha alivuta pumzi, ndipo akatoa hukumu. Hukumu yenyewe ilianza karibu kila mara na maneno haya: "Watu wengi hawaskiangi. Wanaskia tu."

Hakuimba, hakupiga mluzi, hakutikisa hata kidole cha mguu. Alisema kucheza ni kwa watu wasioelewa wanachosikia. Mteja akianza kuimba pamoja na spika alimkatiza: "Boss, hii si kwaya." Na muziki wa Kampala ndio aliouchukia kuliko yote. Alisema Kampala wanaimba na kiuno, kichwa wameacha nyumbani. Sasa, bati letu lina tundu la msumari, na mimi ni binadamu. Siku moja nilifika mapema kumalizia sare za shule, nikasikia muziki wa Kampala upande wa pili, sauti ya chini kabisa. Nikachungulia. Mchambuzi alikuwa amefunga mlango, ameshika fagio, na kiuno chake kilikuwa kinafanya kazi nzuri sana. Sikumwambia mtu. Niliweka akiba.

Mwimbaji aliyetukusanya pale kibandani alikuwa binti wa Chakol, huko kwa Wateso, ukiwa njiani kwenda Malaba. Tulimwita dada wa Chakol. Alikuwa hafanani na mwimbaji yeyote tuliyemzoea. Alitunga wimbo kuhusu mbuzi aliyevuka mpaka bila kibali, akarudi na mimba, na majirani wa pande mbili wakagombania mtoto ni raia wa wapi. Alitunga wimbo mzima juu ya foleni ya malori na hakutaja mapenzi hata mara moja. Alichanganya Kiteso na Kiswahili na Kiluhya kama tunavyochanganya sokoni. Albamu yake ya kwanza aliitengenezea Nairobi, na magitaa na ngoma za mashine, na haikufika mbali. Sisi wachache tuliomshika tulimshika kwa nguvu, kwa sababu tulihisi anaimba kwa ajili yetu na hakuna mwingine anayemtaka.

Mashabiki wenyewe hatukuwa wengi. Kulikuwa na mimi. Kulikuwa na Wandera, mwendesha boda wa Matayos, kijana mwenye masikio mazuri na adabu nyingi kupita kiasi. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Sigalame aliyekuja mwisho wa mwezi, na wengine wawili watatu wa kuja na kuondoka. Jumamosi tulikaa kwenye benchi la Mchambuzi na kubishana. Tuseme tulibishana, lakini kwa kweli tulikuwa tukisomewa mashtaka.

Nakumbuka Wandera aliposema kwamba gitaa la albamu ya kwanza linamkumbusha Kongo.

"Kongo iko wapi hapo?" Mchambuzi alimuuliza. "Wewe unaskia Kongo kwa sababu jirani yako anacheza Kongo usiku na mchana. Skiza vile inapanda, inashuka, inapanda. Hiyo ni kanisa. Huyu msichana amelelewa na kwaya."

Wandera akainama, akakubali. Mwisho wa mwezi mwalimu wa Sigalame akaja, na kupitia bati nikamsikia Mchambuzi akimwambia kwamba gitaa lile ni Kongo tupu, na mtu asiyesikia Kongo pale apimwe masikio. Wandera alikuwa amekaa pale pale.

"Lakini mzee, si ulisema ni kwaya?"

"Niliendelea kufikiria," akajibu. "Wewe ulisimama hapo ulipokuwa."

Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili lilikuwa na wasikilizaji. Mtangazaji mmoja wa redio ya huku alikuwa akimpigia simu kumuuliza maana ya nyimbo, kisha anayasema majibu hayo hewani kama yake. Mchambuzi aliongeza sauti ya redio tusikie, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Wanaiba akili zangu," akasema. Mkono wake wakati huo ulikuwa unaingiza nyimbo mia tatu za watu wengine kwenye simu ya muuza omena. Mkuki kwa nguruwe. Kijana mmoja wa Matayos alipofungua kibanda kama chake na kujiita Mchambuzi, huyu wetu alikwenda kumshtaki kwa chifu.

Niseme pia jinsi alivyofanya kazi, maana hapo ndipo msiba wetu ulipotokea. Alikuwa na kitu alichokiita kubana. Simu za watu wetu hazina nafasi, na yeye alijisifu kwamba kadi inayobeba nyimbo mia kwa wengine, kwake hubeba mia mbili. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kufanya hivyo. Alinieleza mara nyingi, hata nilipokuwa sitaki. Wimbo, alisema, huja na pande mbili, wa kushoto na wa kulia, kwa ajili ya watu wenye spika mbili. Sasa nani hapa Burumba ana spika mbili? Simu ina moja. Boda ina moja. Kwa hivyo yeye alichukua upande wa kulia, wa kushoto akautupa. "Ni kitu moja tu imerudiwa," alisema. "Wazungu wanapenda kujaza nafasi." Na kwa nyimbo nyingi alisema kweli, hukusikia tofauti yoyote.

Dada wa Chakol aliporudi nyumbani kutoka Nairobi alitengeneza albamu ya pili, na hakuiweka kwenye mtandao. Aliiuza mwenyewe kwenye memori kadi, kutoka mkobani, siku za soko Malaba na Amukura. Alisema anataka kuuona uso wa mtu anayebeba nyimbo zake. Mchambuzi alifunga kibanda siku nzima, akaenda Malaba, akarudi na kadi moja. Aliionyesha kama padri anavyoonyesha sakramenti. Akaitia kwenye kompyuta, akaibana ile albamu yote kabla hatujasikia neno, kisha akaitoa kadi, akaifunga kwa nailoni, akaitia kwenye droo pamoja na kitambulisho chake.

"Hii haitachezwa," alisema. "Hii ni kumbukumbu. Tutatumia nakala."

Tukasikiliza nakala. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Wandera alidhani spika imekufa, Mchambuzi akamwinulia mkono. Tukangoja, tukangoja, na hatimaye sauti ya dada ikaingia peke yake, bila gitaa, bila ngoma, bila chochote. Akaimba mistari miwili, akanyamaza. Kimya kirefu. Akaimba tena. Albamu nzima ilikuwa hivyo. Ukisikiliza sana, nyuma kabisa, kwa mbali, kulikuwa na kitu kidogo kama matone kwenye mabati.

"Ni mvua," Mchambuzi alisema akiwa bado amefumba macho. "Amerekodi mvua. Mnaelewa huyu mtu amefika wapi?"

Hatukuelewa, kwa hivyo tukamwachia aelewe. Siku hiyo aliupa muziki huo mpya jina la Kipindi cha Ukimya, ili utenganishwe na Kipindi cha Gitaa, yaani albamu ya kwanza. Alisema dada amekataa vyombo kwa sababu vyombo ni uongo. Alisema athari hiyo imetoka kwa watawa wa huko mbali, na juma lililofuata akasema imetoka kwa wazee wa Kisamia wanaoomba bila kutoa sauti. "Kimya kingi kina mshindo," alikuwa akituambia, na kidole juu. Na neno alilolipenda kuliko yote likawa hili: "Skiza ile kitu haiko." Aliligeuza salamu. Alimwambia hata mama wa mandazi.

Nakala hiyo ndiyo iliyoenea Burumba, ikafika Matayos, ikafika Sigalame kwa mkono wa mwalimu, ikafika redioni. Watu walijifunza kuisikiliza. Ungemwona dereva wa boda ameinamisha kichwa juu ya usukani, anangoja kimya kiishe. Mimi pia nilijifunza. Sitajifanya mjanja sasa.

Ilitokea mara moja mtu akatuambia ukweli. Mama mmoja wa Malaba alileta gomesi, gauni refu la mabega yaliyosimama, nimpunguzie hayo mabega. Alikaa nikimpima, akasikia tunasifu ile albamu kupitia bati, akachangamka.

"Yule mzee ana vidole, aki," alisema. "Hiyo akogo yake inanifanyanga nalia na kucheza pamoja."

Akogo ni kile kisanduku cha Wateso chenye vijiti vya chuma, kinachobonyezwa kwa vidole gumba. Nikamwambia hakuna akogo mle. Akasema imo. Mchambuzi akatokea mlangoni kwangu, akamsikiliza kwa subira ya daktari, akamwambia: "Mama, umechanganya na mtu mwingine. Hii ni muziki ya kufikiria." Yule mama akatutazama mmoja mmoja, akachukua gomesi yake. Alipoondoka tulicheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Sasa nifike pale panaponiuma. Mama yangu alifariki mwaka uliofuata, tukamzika kwetu Matayos. Mchambuzi ndiye aliyefika kwanza. Alibeba spika yake mwenyewe kwa boda ya Wandera, akaisimika chini ya turubai, hakutaka hata nauli. Alipanga viti. Aliwachotea wageni maji. Kumdharau mtu huyu kungekuwa rahisi kama asingekuwa na siku kama hiyo. Mchana, kabla ya ibada, akaweka wimbo wa nne wa ile albamu. Ndani yake dada wa Chakol anaita mtu aliye uani. Anaita, "Uko?" na kinafuata kimya. Anaita tena, "Umekula?" na kimya. Anauliza kama ng'ombe wamerudi, kama mlango umefungwa, na kila mara kimya. Mchambuzi alishika kipaza sauti, akawaambia waombolezaji kwa upole: "Hapo katikati ndipo marehemu anajibu. Kila mtu amskize wake."

Nilimsikia mama yangu. Sisemi kwa mfano, nilimsikia. Kwa miaka miwili baadaye, nilipozidiwa, nilivaa vifaa vya masikioni nikaweka wimbo wa nne, na katika zile nafasi nikaongea na mama. Nilimweleza mambo ya watoto. Nilimwomba msamaha kwa jambo ambalo si lenu. Nilimshukuru Mchambuzi moyoni kwa kunipa mahali pa kukutana naye.

Ndipo ikatangazwa kwamba dada wa Chakol ataimba Malaba, kwenye ukumbi wa kanisa, Jumamosi mchana. Kutoka Busia tulikwenda watu kumi na mmoja. Mchambuzi alivaa koti. Njiani alitufundisha tusipige makofi katikati ya ukimya, maana wanaojua hawapigi. Tulipofika tukakuta upande mmoja wa ukumbi umejaa watu wa Malaba na Chakol, wengi akina mama na watoto, nasi tukakaa upande wa pili pamoja.

Dada alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani, na hakuvaa chochote cha jukwaani. Alisema, "Hii mnaijua," akabonyeza mashine iliyokuwa mezani. Kwenye spika ya kushoto ikaanza akogo. Ikapiga peke yake, kwa raha, bila haraka, muda ule ule ambao sisi tulizoea kungoja katika kimya. Kisha dada akaanza kuimba, na ulikuwa wimbo wa kwanza wa albamu ya pili. Aliponyamaza, akogo ikashika maneno yake na kuyarudisha. Upande wa pili wa ukumbi mabega yalikuwa yanatikisika, akina mama wanacheka, mtoto mmoja anaruka. Upande wetu watu kumi na mmoja walikuwa wameinamisha vichwa kama kwenye matanga. Tulitazamana pembeni. Wandera alininong'oneza, "Mathe, nini hii?" Nikamwambia anyamaze.

Baada ya nyimbo alikaa kwenye ukingo wa jukwaa akasema anapenda kuulizwa maswali. Mchambuzi akasimama kabla hajamaliza sentensi.

"Dada, sisi ni mafans wako wa Busia, wale serious," alianza. "Tumekufuata tangu Kipindi cha Gitaa. Lakini ni Kipindi cha Ukimya ndicho kilifanya tukuheshimu. Swali langu ni hili. Nani amekushauri uongeze hii akogo? Kwa sababu inafunga ile nafasi. Ni kama influence ya Soroti imeingia, na mimi kama mchambuzi naona inakurudisha nyuma."

"Kuongeza?" dada aliuliza.

"Eeh. Ile albamu ya pili ilikuwa sauti peke yake."

Watu wa Malaba walicheka, wakidhani ni mzaha. Dada hakucheka. Alisema polepole, "Albamu ya pili nilirekodi na papa yangu, yeye kwa akogo. Nyumbani, kwa nyumba yetu. Nilimweka yeye upande wa kushoto na mimi kulia, vile tulikuwa tunakaa. Alikufa kabla nimalize kuuza zile kadi. Hakuna wimbo hata moja yeye hayuko."

Wandera akasimama. Nilimvuta shati, akanitoa mkono. "Dada, kwa simu yangu hayuko," alisema. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anataka kusaidia. Alipeleka simu mbele, dada akaishika karibu na kipaza sauti, na Wandera akabonyeza wimbo wa nne.

Ukumbi ukasikiliza. "Uko?" iliuliza sauti ya dada kutoka kwenye simu, na pakawa kimya. "Umekula?" Kimya. Watu wa Malaba waliacha kucheka. Dada alikuwa ameinamisha sikio, na kwa mbali yakasikika yale matone.

"Hiyo ni nini mnasikianga hapo nyuma?" aliuliza.

"Ni mvua," Mchambuzi alisema. Nafikiri mdomo wake ulijibu wenyewe.

"Ni yeye," dada alisema. "Ameingia kidogo kwa maiki yangu."

Alisikiliza mpaka mwisho, wimbo wote, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Kisha akamrudishia Wandera simu yake, akasema bila hasira, "Kwa hivyo huko kwenu nimekuwa nikimwita na hajibu." Akauliza nakala hii ilitoka wapi. Watu kumi wa Busia wakageuka, wakamtazama wa kumi na moja.

Hapa ndipo mtu hupimwa. Mchambuzi alirekebisha koti lake. "Faili ilikuja hivyo," alisema. "Kadi yako ilikuwa na shida, dada. Hata mimi nilishuku tangu mwanzo."

Alimlaumu kwa kadi yake mwenyewe. Alilaumu kadi ambayo hakuwahi kuisikiliza, iliyofungwa nailoni ndani ya droo. Na mimi, niliyeelezwa habari za kubana miaka yote ile mpaka ningeweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe, nilikaa kwenye kiti changu nikatazama viatu. Niliona aibu kujulikana kwamba mimi ni mtu wake. Dada akaitikia kwa kichwa, akaomba radhi kwa kadi mbovu. Aliomba radhi yeye. Katika maisha yangu sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Mchambuzi dakika hiyo, na sikujiacha mwenyewe nyuma.

Nilichotaka baada ya hapo kilikuwa kidogo. Nilitaka aseme, angalau kwangu, angalau kupitia bati, kwamba alimtoa yule mzee kwa mkono wake na kwamba aliniambia mama yangu anajibu mahali alipokuwa amefuta majibu ya mtu mwingine. Basi. Nilikuwa tayari kumsamehe saa hiyo hiyo. Alifunga kibanda wiki tatu, akarudi, akapangusa vumbi, akaanza kazi. Wateja wakarudi pia. Wandera ndiye aliyenikasirisha zaidi kwa upole wake. "Mathe, achana na yeye," aliniambia. "Jamaa pia ni binadamu." Benchi lile la Jumamosi halikukaliwa tena, lakini hakuna aliyemwambia neno.

Halafu mwaka huu, mvua zilipoanza, nikasikia kwamba Mchambuzi anatembea. Anabeba kompyuta yake mgongoni, anaingia nyumba moja baada ya nyingine, Burumba yote, kisha Matayos, hata Sigalame alipelekwa na Wandera akarudi ameloa. Anaomba simu ya mtu, anafuta albamu ya pili, anaweka nyingine, nzima, pande zote mbili. Halipishi. Anawaambia ni toleo jipya. Inamaanisha aliifungua ile nailoni. Inamaanisha alikaa peke yake na kadi ile, akaisikiliza kwa mara ya kwanza. Nilijaribu kuwaza uso wake siku hiyo na nikashindwa.

Kwangu alikuja mwisho. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nakata kitambaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe upande mmoja.

"Dada, leta kadi nikuwekee toleo jipya."

"Toleo jipya la nini?"

"Ile albamu. Wameiboresha. Sasa iko na akogo."

"Nani ameiboresha?"

Alitazama mkasi wangu. "Ni wao wenyewe huko."

"Na mbele ya kuboresha, akogo ilikuwa wapi?"

Alifungua kompyuta juu ya meza yangu bila kuombwa, akasogeza vitambaa taratibu ili visikunjike. "Wewe leta tu kadi," alisema. "Ya nne imetoka vizuri sana."

Alijua wimbo wa nne ni nini kwangu. Ndiyo maana alikuja mwisho, nadhani, na ndiyo maana hakuweza kunitazama. Nilikuwa nimeshika simu yangu mkononi, kadi imo ndani. Ningempa tu, ingechukua dakika mbili.

"Sema kwanza," nikamwambia. "Sema ni wewe ulimtoa."

Alifungua mdomo. Mtu ambaye amenieleza kwaya na Kongo na watawa na wazee wa Kisamia, aliyekuwa na maneno ya kila sauti iliyopigwa kuanzia hapa mpaka Soroti, alisimama pale mdomo wazi kama mwanafunzi ubaoni.

"Si nimemrudisha?" alisema.

"Sikuuliza hilo."

"Dada, si nimemrudisha kwa kila mtu?"

"Sema, Mchambuzi."

Alifunga kompyuta. Aliivuta zipu ya mkoba mpaka mwisho, akasema atapita siku nyingine, akatoka. Nilimsikia akiingia kwake na kukaa, na benchi likalia chini yake. Siku nyingine hiyo haijafika, na ni mlango wa pili tu.

Wandera amejitolea mara mbili kunitumia albamu nzima kwa simu. Nimekataa. Sitaki Wandera anipe. Ule wimbo wa nne nilio nao siwezi tena kuusikiliza, maana nikifika kwenye nafasi zile simpati mama, na yule mzee hayupo. Jana mchana nilimsikia Mchambuzi akimchezea mteja toleo jipya, mteja ambaye hajui lolote. Dada wa Chakol akaita, "Uko?" na kabla mzee hajaanza kujibu nikaweka miguu kwenye cherehani, nikakanyaga kwa nguvu, bila kitambaa chini ya sindano, mpaka nilipojua wimbo umekwisha.